Marudio

Msimamizi wangu ameandika pembeni, kwa penseli:
Fafanua "utunzi". Wa muziki au wa insha?
Wiki ya tatu sasa nalala na swali hilo
Kitangari, chumba cha uani kwa Mama Eustasia,
maji ya kununua ndoo kwa ndoo,
vumbi la salfa ya mikorosho
limeingia hadi kwenye mshono wa daftari.

Nimjibuje? Kwetu shanga hutungwa,
samaki hutungwa kwa ukindu,
kidonda hutunga usaha, mwanamke hutunga mimba,
na mtoto wa kidato cha pili huambiwa atunge,
dakika arobaini, maneno mia mbili,
"Safari Nisiyoisahau",
naye, nilidhani, hajawahi kuvuka Mahuta.

Hilari Nampunju aliandika mistari mitatu.
Tulikwenda.
Tulikwenda wanne.
Tulikwenda wanne, tukarudi.
Nikapiga wino mwekundu: MARUDIO. Nne kwa ishirini.
Usiku ule sikukosa usingizi. Nililala fofofo.

Jumamosi nikamfuata na kinasa sauti
kwenye karanga anazolinda ngedere
yeye na shangazi yake, Anjelista.
Magogo mawili ya mgomba yamelazwa chini,
juu yake mbao saba. Dimbila.
Wamekaa huyu huku na huyu kule,
ala moja, watu wawili, magoti yanakaribia kugusana.

Shangazi akaanza: mapigo matatu.
Akarudia.
Akarudia.
Nikaandika "marudio", nikatazama saa.
Akarudia, na Hilari akaingia
mahali ambapo mimi sikuona nafasi,
na mapigo yale yale
hayakuwa tena yale yale.
Ngedere wametulia mpakani mwa shamba
kama kamati ya mitihani.

Ubao mmoja ulimkera. Akaugonga kwa ukucha,
akausikiliza, akaugeuza, akavuta panga.
"Ukichonga hapa tumboni, sauti inashuka.
Ukichonga nchani, inapanda.
Ukizidisha, mwalimu, hurudishii."
Maranda yakaniangukia kiatuni.
Miaka tisa nafundisha insha,
utangulizi, kiini, hitimisho,
na sijamwambia mtoto hata mmoja
kwamba sentensi ina tumbo.
Nimewaambia: ongeza. Ongeza. Haijafika mia mbili.

Jumatatu nikampa karatasi mpya, kichwa kile kile.
Ningependa kuandika hapa, kwa ajili ya sura ya nne,
kwamba alijaza kurasa mbili.
Aliandika mistari minne.
Tulikwenda.
Tulikwenda wanne.
Tulikwenda wanne, tukarudi.
Watatu.

Nilikaa na kalamu nyekundu hadi kengele ya mchana.
Mwongozo wa usahihishaji hauna mahali pa neno lile.
Nikaanza kuhesabu upya waliokaa mezani kwao
siku niliyokaribishwa uji: Hilari, Anjelista,
kadogo kanakonyonya kidole,
na kiti kimoja kilichowekewa debe la mbegu
ili kisikaliwe.
Sikumuuliza. Dodoso langu lilikuwa na maswali kumi na nane
na hakuna hata moja lililofaa kutamkwa.

Karanga zilipong'olewa nikarudi na kamera,
kwa ajili ya viambatisho.
Migomba imeoza. Mbao hazipo.
"Tumepikia," akasema Anjelista.
"Zilikuwa kavu. Zimewaka vizuri."
Akaniongeza ugali.

Msimamizi, nimepokea maoni yako.
Alama ya Hilari bado ni nne; sijaibadilisha, sijaithibitisha,
jedwali linasubiri.
Neno "utunzi" nimeliacha kama lilivyo,
bila "wa".
Kiambatisho cha sita kilikuwa picha ya ala.
Hakuna picha.
Nimeacha ukurasa mtupu, na namba yake chini.